Mwanao Daktari na Viza ya Marekani: Yafahamu Haya Kabla ya Kuuza Shamba

Hapa Mjimwema, iwe ni baada ya kliniki ya watoto au tunapotoka ibadani, kuna swali ambalo akina mama wenzangu wameniuliza zaidi ya mara moja: "Nesi, kijana wetu amemaliza udaktari, na sasa anasema anatafuta njia ya kwenda Marekani kusomea ubingwa. Ati hulipwa mshahara huku wanasoma. Je, ni kweli? Na hiyo viza inapatikanaje?"

Ni swali zuri, nalo linastahili jibu la kweli, kwa sababu nyuma yake kuna mambo mazito. Kuna shamba la kahawa kule Mbinga linalotafutiwa mnunuzi. Kuna magunia ya mahindi yaliyowekwa akiba. Kuna mchumba anayesubiri, na wadogo zake kijana ambao ada yao bado haijulikani itatoka wapi. Familia ikiamua bila kuelewa, hasara huwa ya watu wengi.

Jibu fupi ni hili: mshahara ni kweli upo. Lakini viza inayotumiwa na madaktari wengi wa kigeni kwa mafunzo hayo haikutungwa ili mtu ahamie Marekani. Ni viza ya kubadilishana ujuzi. Mtu huenda, hujifunza, kisha hurudi kwao. Kurudi huko kumeandikwa katika sheria, na daktari mwenyewe huahidi kwa maandishi. Familia nyingi husikia habari za kwenda, lakini habari za kurudi haziambiwi.

KWA NINI VIJANA WETU WANATAZAMA NJE?

Tusianze kwa kuwalaumu vijana. Daktari wa Kitanzania husoma chuoni miaka mitano, kisha hufanya kazi mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wengi wao husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, na deni hilo huwafuata. Baada ya yote hayo, ajira si jambo la hakika.

Huenda unakumbuka yaliyotokea mwaka 2017. Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma, na mwezi Machi serikali yetu ikakubali kupeleka Kenya madaktari 500. Mahakama ya Kenya ilipozuia mpango huo, Rais John Magufuli aliagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda huko waajiriwe na serikali hapa nyumbani. Fikiri kidogo, mama. Madaktari 258 walikuwepo, wana vyeti, wako tayari kuvuka mpaka, ilhali vijijini kwetu akina mama walikuwa wakisafiri mwendo mrefu kumtafuta daktari. Upungufu wa madaktari na madaktari wasio na kazi vinaweza kukaa pamoja katika nchi moja.

Kwa hiyo kijana anapotazama nje, si lazima awe na tamaa. Mara nyingi anatafuta kazi, na anatafuta ubingwa. Kazi yetu wazazi ni kumsaidia aone njia nzima, mwanzo na mwisho wake.

NI VIZA YA NAMNA GANI?

Viza hii huitwa J-1. Msingi wake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1961 iliyohusu kubadilishana elimu na utamaduni kati ya nchi hiyo na mataifa mengine. Hutumiwa na wanafunzi, walimu, watafiti, na pia madaktari.

Kwa madaktari kuna vyumba viwili, na lazima uvitofautishe.

Chumba cha kwanza ni cha mafunzo ya ubingwa hospitalini, ambako daktari hugusa wagonjwa, hushika zamu na hulipwa mshahara. Kwa chumba hiki mdhamini ni mmoja tu kwa nchi nzima ya Marekani, nayo ni tume inayojulikana kwa kifupi kama ECFMG. Iliundwa mwaka 1956, makao yake yako Philadelphia, na siku hizi iko chini ya taasisi iitwayo Intealth. Kazi yake ni kuthibitisha elimu ya madaktari waliosoma nje ya Marekani.

Chumba cha pili ni cha watafiti. Daktari hualikwa na chuo kikuu kufanya utafiti au kufundisha. Huyu hana ruhusa ya kutibu wagonjwa, isipokuwa pale ambapo kumgusa mgonjwa ni sehemu ndogo tu ya kazi yake na chini ya usimamizi. Haendi kupata ubingwa. Kijana akikuambia amepata J-1, muulize kwa upole: "Ni ya mafunzo ya hospitali, au ni ya utafiti?" Jibu lake litabadilisha mipango yote ya familia.

HATUA ZENYEWE

Safari ya ubingwa haianzii ubalozini. Huanzia kwenye vitabu, na kwa kawaida huchukua miaka, si miezi.

Kwanza, chuo alichosoma lazima kiwe katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, na kiwe kimekubaliwa na ECFMG. Hilo alihakikishe mwenyewe kabla ya kulipa hata senti moja.

Pili, kuna mitihani ya udaktari ya Marekani iitwayo USMLE. Ili apate cheti cha ECFMG anahitaji kufaulu hatua ya kwanza na sehemu ya maarifa ya kitabibu ya hatua ya pili. Kila mmoja wa mitihani hiyo miwili hugharimu takriban dola 1,000, bila kuhesabu nauli, vitabu na malazi. Kila hatua hairuhusiwi kujaribiwa zaidi ya mara nne. Ule mtihani wa zamani wa kumhudumia mgonjwa wa kuigiza ulifutwa mwaka 2021. Badala yake daktari huthibitisha ujuzi wake kwa njia zilizowekwa na ECFMG, pamoja na mtihani wa Kiingereza cha kitabibu uitwao OET.

Tatu, huomba nafasi hospitalini. Maombi hupelekwa kuanzia Septemba, usaili hufuata, na mwezi Machi hutangazwa nani amepata hospitali gani. Mafunzo huanza Julai. Si kila anayefaulu mitihani hupata nafasi. Mwaka 2025, kati ya kila madaktari 100 wa kigeni waliosoma nje ya Marekani na kushiriki zoezi hilo hadi mwisho, takriban 58 tu walipata. Maana yake ni kwamba zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa wametumia fedha na miaka, na mwezi Machi wakabaki bila hospitali.

Nne, akishapata hospitali, huomba udhamini wa ECFMG. Hapa ndipo huhitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake. Barua hiyo husema kwamba nchi inahitaji wataalamu wa fani anayokwenda kusomea, na kwamba daktari ameahidi kwa maandishi kurudi akimaliza. Bila barua hiyo hakuna udhamini.

Tano, ECFMG ikikubali, hutoa fomu iitwayo DS-2019. Ni kwa fomu hiyo ndipo mtu huenda kwenye usaili wa viza ubalozini Dar es Salaam. Mwaka 2025 ada ya viza ilikuwa dola 185, na ada ya mfumo wa kuandikisha wageni wa mafunzo ilikuwa dola 220.

Ubingwa wa magonjwa ya ndani, wa watoto au wa tiba ya familia huchukua miaka mitatu. Upasuaji wa jumla huchukua mitano. Udhamini huombwa upya kila mwaka, na kwa kawaida muda wote hauzidi miaka saba. Daktari wa mwaka wa kwanza hulipwa takriban dola 60,000 au zaidi kidogo kwa mwaka. Kwa hesabu ya Songea ni fedha nyingi sana, lakini kodi ya nyumba katika miji ya Marekani humeza sehemu kubwa. Tena haruhusiwi kufanya kazi ya ziada nje ya mafunzo yake ili kuongeza kipato. Kwa hiyo, ndugu wa nyumbani, tusimpigie simu mwezi wa kwanza kuomba bati za nyumba.

MKE, MUME NA WATOTO

Mwenzi wa ndoa na watoto walio chini ya miaka 21 wanaweza kumfuata kwa viza ya J-2. Mwenzi huyo anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi akishafika huko. Hili ni jambo jema, maana nimeona ndoa changa zikichoka kwa utengano wa miaka mingi.

Lakini yapo mambo mawili ambayo wachumba wajue mapema. La kwanza, sharti la kurudi nyumbani linalomfunga mwenye J-1 linamfunga pia mwenzi wake na watoto waliopata J-2. La pili, kuoa au kuolewa na Mmarekani hakulifuti sharti hilo, wala kuzaa mtoto huko hakulifuti kwenyewe. Usimruhusu mtu yeyote akushauri mwanao aoe kwa ajili ya karatasi. Ni dhambi kwa yule anayedanganywa, na wala hakumsaidii mwanao.

MIAKA MIWILI YA NYUMBANI

Sasa tufike kwenye kiini. Daktari aliyepata mafunzo ya ubingwa kwa J-1 anatakiwa na sheria kurudi katika nchi ya uraia wake, au nchi alikokuwa na makazi ya kudumu kabla ya kwenda, na kuishi huko kwa jumla ya miaka miwili. Kabla ya kutimiza miaka hiyo hawezi kupata ukaazi wa kudumu wa Marekani, wala viza ya kazi ya kundi la H au L.

Neno "jumla" lina maana. Miaka hiyo haihitaji kuwa mfululizo. Akikaa nyumbani miezi minane, akatoka, kisha akarudi tena, miezi hiyo huhesabiwa. Lakini kukaa Nairobi au London hakuhesabiwi, hata kama alikuwa akitibu Waafrika wenzake.

Kwa madaktari wa mafunzo ya ubingwa sharti hili halina ubaguzi wa nani amelipia masomo. Hata kama familia ilijilipia kila kitu, linamhusu. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mabaharia wa pwani walikuwa wakizungumzia chombo chao, lakini neno hilo linaifaa viza hii kabisa.

JE, KUNA MSAMAHA?

Upo, lakini ni mwembamba. Wenye J-1 wa makundi mengine wanaweza kusamehewa iwapo serikali ya nchi yao itaandika kwamba haina pingamizi. Madaktari wa mafunzo ya ubingwa wamenyimwa njia hiyo. Kwao zimebaki njia tatu.

Njia ya kwanza ni pale ambapo daktari angeteswa nchini kwake kwa sababu ya rangi, dini au msimamo wake wa kisiasa. Ya pili ni pale ambapo mwenzi au mtoto ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani angepata taabu isiyo ya kawaida. Taabu ya kawaida ya kuhama haitoshi.

Njia ya tatu ndiyo inayotumiwa zaidi: idara ya serikali ya Marekani, au jimbo, huomba daktari abaki atumikie mahali penye upungufu wa madaktari. Mpango wa majimbo ulianza mwaka 1994 na huitwa kwa jina la Seneta Kent Conrad wa North Dakota. Mwanzoni kila jimbo liliruhusiwa madaktari 20 kwa mwaka, na mwaka 2002 wakaongezwa kufikia 30. Si sheria ya kudumu, kwa hiyo Bunge la Marekani limekuwa likiiongezea muda mara kwa mara. Daktari hufunga mkataba wa kufanya kazi muda wote kwa miaka mitatu katika eneo hilo.

Tafakari jambo hili, mama. Nchi tajiri kama ile nayo ina vijiji visivyo na daktari, na imetunga sheria ili daktari wa kigeni asirudi kwao bali akakae kijijini huko. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuwapenda watu wao. Lakini daktari huyo alisomeshwa kwa kodi na mikopo ya Watanzania, na pengo analoliacha liko Namtumbo, Tunduru na Nyasa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, na mwaka 2023 liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 ambazo zinahitaji kulindwa dhidi ya kunyang'anywa wataalamu wake. Kanuni hizo hazimkatazi mtu kwenda kwa hiari yake. Zinawakataza matajiri kuja kuvuna wasikopanda.

Wengine huuliza juu ya viza ya H-1B, ambayo ni ya kazi na haina sharti la miaka miwili. Ni kweli hospitali kadhaa zimewahi kuwachukua madaktari kwa njia hiyo, ila daktari lazima awe amefaulu pia hatua ya tatu ya USMLE. Isitoshe, tangazo la Rais wa Marekani la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi hiyo. Ni hospitali chache ambazo zingekubali mzigo huo kwa ajili ya daktari mwanafunzi.

HALI YA WATANZANIA TANGU 2026

Hapa ndipo wazazi wengi hawana habari. Mwezi Desemba 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi tangazo lililoiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake waliwekewa vizuizi. Tangu tarehe 1 Januari 2026, utoaji wa viza mpya za aina kadhaa ulisimamishwa kwao, na viza za J ni mojawapo. Waliokuwa na viza halali kabla ya siku hiyo hawakunyang'anywa.

Matangazo ya aina hii huja na kuondoka. Mwaka 2020 Tanzania iliwekewa kizuizi katika bahati nasibu ya viza, na mwaka 2021 kikaondolewa. Kwa hiyo sisemi mlango umefungwa milele. Nasema: kabla ya kulipa ada yoyote, uliza kwanza ubalozini mlango ukoje siku hiyo.

JIHADHARI NA WAUZA NDOTO

Palipo na mlango uliofungwa, hapakosi mtu anayedai ana ufunguo. Mama mmoja wa usharika wetu alipigiwa simu na mtu aliyedai anaweza kumpatia binti yake "J-1 ya haraka" kwa shilingi milioni sita. Nilimwandikia maswali matatu amsomee: Ni hospitali gani imempa nafasi? Mdhamini ni nani? Fomu ya DS-2019 iko wapi? Mtu yule alisema atapiga tena. Hakupiga.

Maswali hayo matatu yanatosha. Hakuna wakala anayeuza nafasi ya ubingwa, na ECFMG haitumi watu kukusanya fedha mitaani.

MILANGO ILIYO KARIBU

Ubingwa hausomewi Marekani peke yake. Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza hufundisha madaktari bingwa kwa shahada ya uzamili. Kwa upasuaji kipo pia chuo cha kanda kiitwacho COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999. Hicho humfundisha daktari akiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa hapa Afrika, naye hulala nyumbani kwake.

Tena kubadilishana ujuzi si lazima kuwe kwa kwenda tu. KCMC imeshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Duke, na Bugando na kile cha Cornell. Jirani zetu wa Mbeya wana kituo cha watoto cha Baylor tangu mwaka 2011. Wataalamu wa Kimarekani wamefika huko wakafundisha na kujifunza. Sisi wa Ruvuma twalijua jambo hili tangu zamani. Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 kilometa kama 24 tu kutoka hapa mjini, ilijenga hospitali yake kwa mikono ya wageni na wenyeji pamoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

KAENI KIKAO CHA FAMILIA

Kijana akileta habari ya Marekani, msimkatize wala msimsukume. Kaeni naye, baba akiwepo, na muulizane haya:

1. Anataka fani gani, na je, fani hiyo haifundishwi hapa nchini au katika nchi jirani?

2. Fedha za mitihani zitatoka wapi, na zikipotea, nani ataumia? Ada ya wadogo zake isiguswe.

3. Asipopata nafasi mwezi Machi, atafanya kazi gani? Ni vizuri asiache ajira yake ili kusubiri.

4. Mchumba au mwenzi wake ameelezwa kuhusu J-2 na kuhusu kurudi?

5. Mkopo wa Bodi utaendelea kulipwa vipi akiwa mbali?

6. Akimaliza, ile miaka miwili ataitumikia wapi?

Swali la sita ndilo wengi huliruka, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Anayekwenda akijua atarudi huchagua fani inayohitajika kwao, huandikiana na hospitali ya nyumbani tangu mapema, na hufika akiwa na mahali pa kusimama. Anayekwenda akiwa amejificha sharti hilo hutumia miaka yake ya mafunzo akihangaika na wanasheria.

Nami niseme kama mtu anayeshika zamu ya usiku katika mkoa huu. Mama mwenye kifafa cha mimba akiletwa saa nane za usiku, hatuulizi daktari alisomea nchi gani. Tunauliza kama yupo. Miaka miwili ya daktari bingwa mmoja hapa Songea si adhabu aliyowekewa na Wamarekani. Katika miaka hiyo anaweza kuwafundisha madaktari wadogo na wauguzi, nao wakaendelea kuokoa watu hata yeye akihamishwa.

Basi mama, mwombee mwanao, na umtie moyo asome. Ila hati ya shamba iache kabatini mpaka maswali yote sita yapate majibu.